Picha ya Zojoji ya Kawase Hasui: nitajuaje kama ni halisi?

MkaziWaKawasaki

Wakuu, habari za humu. Naomba kuelimishwa na wanaojua sanaa ya Kijapani.

Niko Kawasaki, ng'ambo tu ya mto Tama ukitokea Tokyo, kazi yangu ni kuhudumia wazee. Jumapili iliyopita nilipita kwenye soko la vitu kuukuu nikitafuta hita, nikarudi na picha. Imo ndani ya fremu, nimeilipia yeni 6,000. Ni picha ya kusimama: lango kubwa jekundu la hekalu, msonobari ulioelemewa na theluji, theluji nyingine bado inaanguka kwa mshazari, na mwanamke mmoja amejifunika kwa mwavuli akipambana na upepo. Uso wake hauonekani. Kuna sahihi ya maandishi ya Kijapani na muhuri mdogo mwekundu. Muuzaji alinyoosha kidole akasema "Hasui", kisha akasema "Zojoji", akafunga kwa gazeti, mazungumzo yakaishia hapo. Kijapani changu ni cha kazini: dawa, chakula, kuoga, wapi panauma. Cha sanaa sina.

Mzee mmoja kazini nilimwonyesha kwenye simu, akaitambua kabla sijamaliza kuuliza. Akasema hapo ni hekalu la Zojoji, mtaa wa Shiba huko Tokyo, na lango lipo mpaka leo. Siku yangu ya mapumziko nikaenda. Lipo kweli, ila nyuma yake siku hizi umesimama Mnara wa Tokyo, kwenye picha mnara haupo.

Sasa ninachotaka kujua. Wenzangu wa chumbani wananiambia hizi zote ni nakala, kwamba zilichapwa kwa mamia, kwa hiyo hakuna cha halisi. Je, ni kweli? Na kitu kingine kinanisumbua zaidi ya hicho: ile theluji imewekwaje? Nimeikodolea macho, haionekani kuwa rangi nyeupe iliyopakwa juu. Ni kama karatasi yenyewe inatokeza kwenye wekundu wa lango. Na huyu Hasui ni nani hasa?

Kibatari

Hasui ni yule ambaye Steve Jobs alikuwa anakusanya picha zake. Kama ni halisi, umeokota dhahabu, uza ununue hita kumi. Lakini kwa yeni 6,000 mkuu, mimi nasema ni bango la duka la makumbusho. Pole.

Mwino

Mkazi, usiuze na usimsikilize Kibatari bado. Na wenzako wa chumbani waambie neno "nakala" waliweke kando kwanza, kwa sababu kwenye kazi hii halina mahali pa kukaa.

Nijitambulishe ili mjue nasema kutoka wapi. Mimi si mkusanyaji, sina hata picha moja ya Hasui. Mimi nachapa. Jioni baada ya kazi naenda kwenye karakana ndogo hapa Tokyo ambako fundi mmoja mzee anatufundisha kuchapa kwa mbao kwa njia ile ile ya zamani, nikirudi nyumbani mikono inanuka gundi ya mchele. Kwa hiyo nitajibu la theluji kwanza, maana ndilo swali zuri kuliko yote uliyouliza.

Macho yako hayajakudanganya. Ile theluji ni karatasi. Ubao wa kuchapa unafanya kazi hivi: panapotakiwa rangi panaachwa pamesimama, pasipotakiwa rangi panachongwa pakawa bonde. Paa lenye theluji na tawi lililoelemewa ni sehemu ambazo hakuna ubao ulioweka rangi nzito juu yake. Hilo ni jepesi. Kazi ngumu ni zile chembe zinazoanguka mbele ya lango. Chembe moja ya theluji kwenye ubao ni kishimo. Na lango lile halikuchapwa na ubao mmoja: kuna ubao wa mistari, kuna wa wekundu wa kwanza, kuna wa kivuli juu ya wekundu, na kadhalika. Ukitaka chembe ibaki nyeupe, kishimo hicho hicho lazima kichongwe kwenye kila ubao unaopita mahali hapo, na vyote viangukiane. Kimoja kikihama kwa unene wa unywele, chembe inapata ukingo wa rangi na theluji inakuwa uchafu.

Ndiyo maana kila ubao una alama mbili zilizochongwa, moja ya kona na moja ya mstari, zinaitwa kento. Karatasi unaikalisha pale kila mara kabla ya kuilaza juu ya rangi. Alama zinaweza kuwa sahihi kabisa na bado ukaharibu, kwa sababu karatasi inachapwa ikiwa na unyevu, na karatasi yenye unyevu inatanuka. Ikikauka katikati ya kazi inasinyaa, basi ubao wa saba haukutani tena na ubao wa pili. Fundi wetu hatazami saa, anashika rundo la karatasi kwa kiganja na kusema endelea au subiri. Mimi kiganja changu bado hakijui.

Karatasi yenyewe si ya kawaida. Ni ya nyuzi za kozo, jamii ya mforosadi, iliyotiwa gundi ya wanyama na shabu ili rangi isisambae hovyo. Nyuzi zake ni ndefu, ndiyo sababu inavumilia kusuguliwa mara nyingi hivyo bila kuchanika. Mbao ni za mcheri wa milimani, mgumu, unashika mstari mwembamba. Na kusugua kwenyewe hakuna mashine. Kuna kifaa cha duara kinachokaa kwenye kiganja, baren, ndani yake mna kamba iliyosokotwa kwa nyuzi za ganda la mwanzi na kuzungushwa kama konokono, nje kimefungwa ganda jingine la mwanzi. Unakipaka mafuta ya tsubaki (kamelia) kidogo, unaegemeza mwili, unasugua mgongo wa karatasi. Nguvu inatoka begani. Wanaosugua kwa kifundo cha mkono wanaacha mabaka.

Sasa la "halisi". Hasui hakuchonga ubao wala hakuchapa karatasi hiyo. Hakuna picha ya namna hii aliyoichapa kwa mkono wake ambayo yako ingekuwa nakala yake. Yeye alichora. Mchongaji akabandika mchoro kifudifudi juu ya ubao na kuukata. Wakatoa michapo ya mistari mitupu, Hasui akaonyesha juu yake rangi ipi ikae wapi, mbao za rangi zikachongwa, mchapaji akachapa, Hasui akasimama hapo akisema zidisha, punguza, hapa fifisha. Juu ya wote alikuwapo mchapishaji, Watanabe Shozaburo, aliyelipa gharama, akachagua mafundi na kuuza. Kwa hiyo kwenye picha kama yako usiulize kama ni mkono wa Hasui. Uliza imechapwa lini, na imechapwa na watu wa karakana ipi. Mbao hizo hizo zilichapwa tena na tena kwa miaka mingi, na mchapo wa 1925 na mchapo wa miaka thelathini baadaye ni vitu viwili, hata kama mchoro ni mmoja. Mchapaji mwingine, rangi nyingine, subira nyingine.

Kujua kama ni ya mbao au ni bango: itoe kwenye fremu. Chukua kioo cha kukuzia utazame wekundu wa lango. Ukiona vitone vidogo vilivyojipanga, vya buluu, vya njano, vya waridi, ni mashine, Kibatari ameshinda. Ukiona rangi iliyolala tambarare imeingia kwenye nyuzi, geuza. Nyuma ya mchapo wa mkono rangi inapenya, utaona lango kama kivuli, na ukiinamishia mwanga utaona mng'ao pale baren ilipopita.

Halafu tafuta mihuri. Ile nyekundu karibu na sahihi ni ya Hasui, imo ndani ya mchoro, haikusaidii kitu kwa tarehe. Inayosaidia ni ya mchapishaji. Watanabe alibadilisha mihuri yake kadiri miaka ilivyokwenda, wakusanyaji wanaitumia kupanga umri. Michapo ya kabla ya vita mara nyingi ina muhuri wa mstatili kwenye pambizo. Ukiona kiduara cha milimita 6 hivi kwenye kona ya chini, hiyo ni ya baada ya vita, kati ya 1945 na 1957. Tazama pia pambizo kama kuna jina la picha na mwaka, Taisho 14, yaani 1925. Ila huo ni mwaka wa kuchorwa, utaukuta hata kwenye mchapo wa baadaye, usije ukapiga vigelegele bure.

Bint_Hamad

Asante Mwino, darasa zuri. Hujamjibu Hasui ni nani. Na mimi nina langu: nilipokuwa nasoma kuhusu Hiroshige, mchoraji wa Kijapani wa karne ya 19, niliona ana picha za theluji na mvua zinazofanana sana na hizi. Huyu Hasui si aliiga tu?

Mwino

Dada Bint, nilichoka kuandika. Naendelea.

Hasui alizaliwa 1883, hapo hapo Shiba. Lango unaloliona kwenye picha ni la mtaani kwao, alikua akilipita. Jina la kuzaliwa ni Kawase Bunjiro, nyumbani kwao walifanya kazi ya kamba za hariri za kusuka, na yeye ndiye aliyetazamiwa kurithi. Moyo ulikuwa kwenye kuchora. Alipokuwa na miaka 26 akaenda kwa mchoraji Kaburagi Kiyokata kuomba awe mwanafunzi wake. Kiyokata akamwambia umri umekwenda, nenda kajifunze kwanza uchoraji wa Kizungu. Akaenda, baada ya miaka miwili akarudi kugonga mlango ule ule, safari hii akapokewa, na jina la Hasui akapewa hapo.

Mwaka 1918 akaona picha za ziwa Biwa za Ito Shinsui, mwanafunzi mwenzake wa Kiyokata, kijana mdogo kwake kwa miaka 15, zilizochapishwa na Watanabe. Zikamgusa. Akampelekea Watanabe michoro ya Shiobara, mji wa chemchemi za moto, na tangu hapo hawakuachana. Akamaliza na picha zaidi ya 600, karibu zote za mandhari. Watu wenye nyuso zinazosomeka ni wachache mno, kwa hiyo Mkazi usisikitike kwamba huoni uso wa mwanamke wako. Ni tabia yake. Anampa mtu mgongo au mwavuli, basi.

Kuhusu kuiga. Wapo waliomwita Hiroshige wa enzi ya Showa, ile iliyoanza 1926, na sifa hiyo ina ukweli, lakini tazama theluji zao. Hiroshige ana picha ya Kambara, kwenye mfululizo wa vituo 53 vya barabara ya Tokaido, wa 1833 hadi 1834. Watu watatu usiku, theluji imefunika kijiji chote, inapendwa kuliko karibu zote za mfululizo ule. Sasa Kambara ni pwani ya Shizuoka, pana joto, theluji kwa shida. Hiroshige aliinyesha yeye. Na ina namna mbili za anga: kwenye michapo mingine giza liko juu likififia kuelekea chini, kwenye mingine giza limekaa chini likififia kwenda juu. Ubao ni ule ule, tofauti ni namna mchapaji alivyopangusa wino kwa kitambaa chenye maji kabla ya kulaza karatasi. Usiku mzima unageuka kwa kitambaa! Ukiniuliza, hiyo peke yake inatosha kumpa mchapaji heshima sawa na mchoraji, ila majina ya wachapaji wengi hayakuandikwa.

Hasui hakuwa mtu wa kuinyesha theluji mahali pasiponyesha. Alikuwa mtu wa treni na daftari. Anakwenda, anachora alichokiona, anarudi. Palipo na theluji kwenye picha yake, mara nyingi alisimama ndani yake.

Na ukiwataka wawili hao uso kwa uso, tafuta daraja la Shin-Ohashi. Hiroshige alilichora 1857, la mbao, mvua ya ghafla, watu wanakimbia wameinama. Ndiyo ile Van Gogh aliyoinakili kwa rangi za mafuta 1887. Hasui alichora Shin-Ohashi 1926, daraja la chuma, usiku, mvua, mtu anavuta riksho, taa zinamwagika kwenye njia iliyolowa. Mto ule ule Sumida. Mimi nampenda wa pili zaidi, mnisamehe.

Kibatari

Mwino umetupeleka mbali na ninakubali umenifunza. Lakini tuseme na upande wa pili. 1925 Tokyo ilikuwa na tramu, magari, majengo ya zege, viwanda. Huyu bwana anachora mwanamke na mwavuli wa karatasi mbele ya hekalu. Hiyo ni Japani ya kuuziwa watalii. Watanabe alikuwa mfanyabiashara, alijua Mmarekani anataka kuona nini ukutani. Picha ya posta ya bei kubwa.

Mwino

Kibatari, la biashara hujakosea hata kidogo. Watanabe alianza ujana wake kwenye biashara ya kupeleka bidhaa nje, na wateja wake wakubwa walikuwa ng'ambo. Mwaka 1930 na tena 1936 jumba la makumbusho la Toledo, Ohio, Marekani, lilifanya maonyesho makubwa ya picha za namna hii, na Hasui alikuwa mmoja wa walioonekana sana. Zojoji hii inatajwa kuwa iliyouzwa kuliko zote zake. Hakuna aliyekuwa anachapa kwa sadaka.

Lakini umetaja mwaka 1925 kama mwaka wa kawaida, na hapo ndipo tunapoachana.

Tarehe 1 Septemba 1923, dakika mbili kabla ya saa sita mchana, tetemeko likapiga Tokyo na Yokohama. Watu walikuwa wanapika chakula cha mchana, mioto ilikuwa imewashwa majumbani, upepo ulikuwa mkali. Kilichoua wengi ni moto. Waliokufa wanazidi laki moja. Karakana na duka la Watanabe viliungua, pamoja na mbao, za Hasui na za wengine. Hasui nyumba yake iliungua na madaftari 188 ya michoro. Fikiria maana yake kwa mtu aliyefanya kazi kwa kutembea na kuchora alichokiona: ile ndiyo ilikuwa akiba yake yote ya miaka ya mbele. Watanabe akamsukuma asafiri, akaondoka akazunguka magharibi ya nchi kwa zaidi ya siku 100, akijaza madaftari mapya.

Kisha akarudi, na 1925 akaanza mfululizo wa Mandhari Ishirini za Tokyo, uliokwisha 1930. Zojoji ni wa humo. Lango lile, Sangedatsumon, lilijengwa 1622. Mtaa ulitikiswa na jiji likaungua, lango likabaki limesimama. Sasa rudi kwenye Shin-Ohashi niliyoitaja hapo juu. Lile daraja la chuma lilikuwa la 1912. Siku ya moto madaraja mengine ya Sumida yaliungua au yakashindwa kupitika na watu wakafa juu yake na majini. Shin-Ohashi lilisimama, maelfu wakaokoka kwa kukimbilia pale, hata watu wakaliita daraja lililookoa watu. Na Hasui akaliweka kwenye mfululizo ule ule, 1926.

Sisemi kila picha kati ya zile ishirini ni ya kitu kilichonusurika, sitaki kumtia maneno mdomoni. Nasema mnunuzi wa Toledo aliona mwanamke na mwavuli. Mtu wa Tokyo wa 1925, ambaye huenda bado analala kwenye kibanda cha mabati, alipoonyeshwa lango lile alijua anaonyeshwa nini. Picha moja iliuzwa kwa watu wawili tofauti, na Watanabe akapokea hela za wote.

Halafu la tramu. Tafuta picha nyingine ya Hasui, Theluji ya Zojoji, 1953. Iliagizwa na kamati ya serikali ya kuhifadhi urithi wa utamaduni, ili ufundi wote uandikwe hatua kwa hatua kabla haujapotea. Angeweza kuwapa mwanamke na mwavuli wa karatasi tena, wangefurahi. Amewachorea watu wamesimama kwenye theluji mbele ya lango lile lile wanasubiri tramu.

Bint_Hamad

Nimeitafuta hiyo ya 1953 sasa hivi. Nyaya za tramu zinapita juu kabisa ya picha! Na ameziacha zikae, hakuzificha. Kibatari njoo uone.

Kibatari

Nimeona. La tramu nimelipokea. La posta nabaki nalo nusu.

MkaziWaKawasaki

Wakuu nimerudi, samahani nilikuwa zamu ya usiku.

Nimeitoa kwenye fremu. Kioo cha kukuzia nimeazima kazini, tunacho cha wazee kusomea. Hakuna vitone. Wekundu umelala kwenye nyuzi kama alivyosema Mwino, na kwenye anga kuna michirizi ya mzunguko mzunguko, mwanzoni nilidhani ni uchafu wa kioo. Nyuma lango linaonekana kama kivuli, kinyume.

Tatizo ni pambizo. Hazipo. Mtu alizikata ili picha iingie kwenye fremu, zimebaki milimita chache upande mmoja, na hapo kuna kipande cha maandishi kimekatwa nusu. Kiduara cha milimita 6 nimekitafuta kona zote mbili za chini, sikioni. Kwa hiyo inakuwaje? Na nyuma imegandishwa kwa mkanda wa gundi uliogeuka kahawia, kwenye kadibodi. Niubandue?

Mwino

Usiubandue! Mkanda ule ukiuvuta unaondoka na nyuzi za karatasi. Mpe mtu wa kuhifadhi karatasi, atautoa taratibu. Ukikosa hela ya kumlipa sasa, uache ulivyo.

Hongera lakini. Ni ya mbao. Ile michirizi ya mzunguko kwenye anga ni njia za baren. Wachapaji wa zamani walijitahidi isionekane. Watanabe aliwaruhusu wachapaji wake waiache makusudi, anga lipate mwendo. Ukilitazama kwa mwanga wa pembeni, utajua mkono wa mchapaji ulizungukia upande gani.

Kuhusu tarehe, aliyekata pambizo ameondoka na ushahidi, na bei pia imeshuka, mkusanyaji hatakupa kile angetoa kwa iliyo kamili. Kukosekana kwa kiduara hakuthibitishi kwamba ni ya kabla ya vita, maana familia ya Watanabe iliendelea kuchapa baada ya Hasui kufa Novemba 1957, na duka lao bado liko Ginza mpaka leo. Inawezekana ni ya zamani, inawezekana ni ya baadaye. Mtu wa kukuambia ni yule aliyeshika nyingi. Nenda Jimbocho, mtaa wa maduka ya vitabu vya zamani, yapo yanayouza picha za mbao pia. Usiulize bei, waombe tu wailinganishe na nyingine ya Zojoji kama wanayo: watazame kwa karibu wekundu na kufifia kwa anga. Kipande cha maandishi kilichobaki usikidharau, waonyeshe.

Ikirudi nyumbani, ile kadibodi itoke mara mkanda utakapotolewa, ina asidi, ndiyo inayogeuza karatasi kuwa ya kahawia. Weka karatasi isiyo na asidi nyuma, na kioo kisiiguse picha mbele. Usiitundike ukuta unaopigwa na jua la asubuhi. Rangi nyekundu na zambarau huwa za kwanza kuchujuka.

MkaziWaKawasaki

Chumba changu kina ukuta mmoja tu usio na dirisha, na ndipo lilipo jokofu. Itakaa juu ya jokofu. Jimbocho nitakwenda wiki ijayo nikipata siku, nitawaletea majibu. Na yule mzee kazini ameniomba nimpelekee ile ya 1953 kwenye simu, anasema hiyo tramu alikuwa anaipanda.